Kosa la Hesabu Huwa Dhambi Saa Ngapi?

Himidi zote ni zake Mwenyezi Mungu, ambaye hesabu yake haina ghalati, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Amma baadu.

Ndugu msomaji, katika Ramadhani ya mwaka 1445, nayo iliangukia Machi na Aprili 2024, mimi niandikaye karatasi hizi niliwafuturisha watu wa msikiti mmoja wa hapa Chang'ombe kabla jua halijachwa. Sikukusudia. Jedwali la nyakati za Sala tulilipanga wenyewe kwa herufi za risasi, na mwenye kuijua kazi hii ajua kuwa herufi hizo hupangwa kichwa chini, na sura zake ni kinyume, kama maandishi yatazamwayo katika kioo. Siku ya Jumapili, tarehe 24 Machi, Magharibi ilikuwa iingie saa 12 na dakika 32. Jedwali letu likasema saa 12 na dakika 23. Tarakimu mbili zilipishana mahali, basi. Hapakuongezwa kitu wala hapakupunguzwa. Mbingu siku ile ilikuwa imefunga mawingu ya mwanzo wa masika, jua halikuonekana tangu alasiri. Mwadhini akatazama saa, akatazama jedwali, akaadhini. Tukala tende, tukanywa maji, na dakika 9 za mchana zikali zimesalia. Misikiti ya jirani ilipoadhini sisi tulikuwa tumekwisha kusimama safu, na wako waliotabasamu wakidhani wenzetu ndio waliochelewa.

Usiku ule, baada ya tarawehe, nilichukua jedwali la msikiti mwingine nikalilinganisha na letu. Makarani wa zamani wana kanuni yao: hesabu mbili zikitofautiana, na tofauti ile yagawanyika kwa 9 pasina kubaki kitu, tazama kwanza kama tarakimu hazikupishana. Nikatoa 23 katika 32. Ile tisa ikanishitaki papo hapo, wala sikuhitaji shahidi wa pili.

Basi nilijua. Ilikuwa kiasi cha saa nne ya usiku. Barazani pa msikiti alikuwa amelala mgeni mmoja, msafiri, aliyefuturu pamoja nasi na kusali pamoja nasi. Alikuwa akingoja gari la kusini liondokalo alfajiri. Ningeweza kumwamsha. Ilikuwa ni hatua kumi na tano kutoka pale nilipoketi mpaka mkekani pake. Nilijiambia: muache alale, amechoka, na tena ni lazima kwanza nihakikishe, na tena jambo hili ni la Imamu kulitangaza, si langu. Nikazima taa nikaenda nyumbani. Siku ya Jumatatu sikusema. Wala Jumanne, wala Jumatano. Alhamisi baada ya Alasiri nilimwendea Imamu nikamweleza habari ya ghalati ile. Mzee hakunikemea. Aliniuliza neno moja tu: "Ulijua lini, mwanangu?"

Nikasema: "Jana, Sheikh."

Siku ya Ijumaa akawatangazia watu kwamba Sala ile ya Magharibi irudiwe, na kwamba kila aliyefuturu kwa adhana ile ana siku moja ya kuikidhi baada ya Idi. Watu walipokea kwa upole kuliko nilivyostahili. Wako walioniambia, "Usisumbuke, ndugu yetu, kosa la hesabu si dhambi." Nami tangu siku ile ninalizungusha neno hilo, kwa kuwa naliona ni la kweli, na juu ya hivyo halikunituliza.

Sharia yetu haikulinyamazia jambo hili. Wanazuoni wa madhehebu ya Imamu Shafii wamesema kwamba aliyefuturu akidhani jua limekuchwa, kisha ikabainika halijachwa, hana dhambi, ila siku ile ataikidhi. Tazama walivyotenga mambo mawili ambayo sisi twayachanganya. Dhambi imeondoka, deni limebaki. Na lililo kubwa zaidi ya funga ni roho ya mtu. Katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 92, imetajwa hukumu ya muumini aliyemuua muumini mwenziwe kwa kukosea: aache huru mtumwa aliye muumini, na diya ipelekwe kwa jamaa za maiti, ila wenyewe wakisamehe, na asiyepata cha kufanyia hayo afunge miezi miwili mfululizo. Nilipokuwa kijana nilimuuliza mwalimu wangu: ikiwa mtu yule hakukusudia, kwa nini afunge siku sitini? Mwalimu akanijibu kwa kuniuliza: wewe ukijua kwamba mkono wako umemuua mtu, hata bila kukusudia, utaweza kula mchana ule? Sikulifahamu jibu lile wakati ule. Sasa nalifahamu kidogo.

Iko namna ya kosa ambalo halina mwenyewe kabisa, na mfano wake tunao pwani yetu. Mwaka wa Nairuzi, ule wa Mwaka Kogwa wa Makunduchi, asili yake ni Uajemi, ndiyo Iran ya leo. Hesabu yake ni siku 365, bila ya kuongeza siku kila mwaka wa nne. Jua nalo halikubali siku kamili. Huzidisha kiasi cha robo. Basi robo ile hupotea kila mwaka, na kila miaka minne Nairuzi hurudi nyuma siku moja katika majira. Waajemi wenyewe waliirekebisha hesabu yao mwaka 1079, zama za Sultani Malik Shah, kwa kazi ya wanajimu ambao mmoja wao alikuwa Omar Khayyam, na hata leo mwaka wao huanza Machi, usiku na mchana ulinganapo. Sisi tulibaki na hesabu ya kale, na Nairuzi ya Makunduchi sasa huangukia Julai. Nani alikosea? Hapana. Baharia na mkulima waliopokea hesabu ile waliipokea kama walivyopewa, wakaitumia kwa uaminifu. (Wala sisemi hapa juu ya hukumu ya sikukuu yenyewe, kwa kuwa hiyo ni mas'ala nyingine.) Kosa kama hilo ni kama kutu ya chuma: hupatikana kwa kupita siku, na hapana wa kuulizwa.

Lakini makosa yaliyo mengi yana mwenyewe, na kwa kuwa tumeitaja Uajemi, sina budi kueleza yaliyopita barazani petu. Hapa Chang'ombe, kama katika vitongoji vyote vya Temeke, baada ya Isha wanaume hukaa wakazungumza habari za dunia, na habari ya Uajemi haikosekani. Watu wamegawanyika makundi mawili. Kundi moja laisifu serikali ya Tehran kwa kuwa imesimama mbele ya mataifa makubwa pasi na kuinama. Jingine lailaumu kwa vile iwafanyiavyo raia wake. Kila mmoja ana ushahidi wake, na sauti hupanda mpaka mwenye duka jirani akatoka kutazama. Mimi kwa muda mrefu nilikuwa nikijiunga na kundi hili au lile kwa kadiri ya habari za siku. Baada ya Ramadhani ile nimekuwa nikiuliza swali jingine, na ndilo la Imamu: alijua lini?

Chukua habari ya tarehe 8 Januari 2020. Siku tano kabla yake, Marekani ilikuwa imemuua Jenerali Qasem Soleimani huko Baghdad, na usiku ule Uajemi ilirusha makombora juu ya kambi za askari wa Marekani nchini Iraki. Walinzi wa anga ya Tehran walikuwa macho, wakingoja kisasi. Alfajiri, ndege ya abiria ya shirika la Ukraine, Boeing 737, iliondoka katika uwanja wa Imam Khomeini kwenda Kyiv. Dakika chache baadaye ikapigwa kwa makombora mawili ya walinzi wale wale wa nchi. Watu 176 wakafa wote. Wengi wao walikuwa Waajemi, na wengi walikuwa wakielekea Kanada kwa masomo na kazi.

Taarifa ya idara ya usafiri wa anga ya Uajemi, iliyotolewa Julai mwaka ule, ilisema kwamba mtambo wa kulinda anga ulikuwa umehamishwa mahali, na baada ya kuhamishwa haukulinganishwa sawasawa na upande wa kaskazini. Ukawa umepotoka kwa digrii 107. Fikiri, ndugu yangu, maana ya tarakimu hiyo: ni zaidi ya robo ya duara. Kwa mtu wa Chang'ombe ni kama kuelekezwa Kibla, nawe ukasimama ukaelekea baharini. Kwa sababu ya upotofu ule, wasema wao, ndege iliyokuwa ikiondoka ilionekana kama kitu kinachouelekea mji. Mkuu wa kikosi cha anga alieleza kwamba askari yule alikuwa na sekunde kumi za kuamua, na mawasiliano na wakubwa wake yalikuwa yamekatika.

Askari yule simjui, wala sitaki kumhukumu. Sekunde kumi ni kidogo. Lakini kabla ya sekunde kumi palikuwa na saa nzima ambayo mtambo ulihamishwa, na mtu mmoja aliyepaswa kuutazama upande wa kaskazini hakuutazama. Na kabla ya saa ile palikuwa na usiku kucha ambao anga ya nchi iliachwa wazi kwa ndege za abiria hali vita vyatarajiwa. Jamaa za waliokufa wameshika hapo hapo, na wengi wao wamekataa kabisa neno "kosa". Wauliza: mbona anga haikufungwa? Hili wanazuoni huliita taksiri, nalo ni kuacha lile ambalo mwenye kazi kama ile huwa halikosi. Iko hadithi mashuhuri, ambayo maana yake ni kwamba mwenye kutibu watu naye hajulikani kwa utabibu, hudhamini. Hana kusudi baya, huenda ana huruma kuliko tabibu wa kweli, lakini ameingia mahali pasipo ngao ya neno "sikukusudia".

Nami, tangu lini nilisoma tarakimu za jedwali peke yangu? Desturi yetu ni watu wawili: mmoja asoma kwa sauti katika karatasi ya asili, wa pili afuatisha kwa kidole katika karatasi iliyopigwa chapa. Juma lile mwenzangu alikuwa na homa. Nikasema, nitasoma mwenyewe, ni siku thelathini tu. Basi nisiwe mwepesi wa kumcheka aliyesahau kaskazini.

Hata hivyo si hayo yaliyowatoa watu wa Tehran majumbani. Kwa siku tatu wakubwa wa nchi ile walisema ndege imeanguka kwa hitilafu ya mtambo wake, na kwamba habari ya makombora ni propaganda za maadui. Tarehe 11 Januari wakakiri. Siku ile ile watu walikusanyika mbele ya Chuo Kikuu cha Amirkabir kuwakumbuka wafu, na maombolezo yakageuka maandamano. Siku chache nyuma, umati mkubwa wa Waajemi ulikuwa umefuata jeneza la Soleimani. Mtu wa nje hudhani hao ni watu wa aina mbili. Huenda wako waliokuwa katika safari zote mbili. Taifa laweza kuvumilia kwamba askari wake amekosea. Lisiloweza kuvumilia ni kuambiwa na wakubwa wake kwamba waliokufa hawakufa hivyo walivyokufa. Aprili 2023 mahakama ya kijeshi iliwahukumu watu kumi kifungo, na jamaa za wafu hawakuridhika na hukumu ile, kwa kuwa swali lao halikuwa juu ya mkono uliobonyeza tu.

Hapo rafiki yangu mmoja wa barazani, mtu wa kundi la kwanza, alinikatiza kwa ghadhabu. "Na ile ya mwaka 1988, Mwalimu? Au hiyo huitaji kwa kuwa mkosaji alikuwa Marekani?"

Ana haki, na nitaitaja. Tarehe 3 Julai 1988, manowari ya Marekani iitwayo Vincennes, ikiwa katika Ghuba, iliipiga ndege ya abiria ya Uajemi, safari namba 655, itokayo Bandar Abbas kwenda Dubai. Wakafa watu 290, na katika hao 66 walikuwa watoto. Mabaharia waliamini ya kwamba waiona ndege ya kivita inayoshuka kuwashambulia, na kumbe ni ndege ya abiria, nayo ilikuwa ikipanda. Katika mitambo ya manowari ile kila ndege ilipewa namba. Ndege hii ilikuwa 4474, kisha mtambo wenyewe ukaibadilisha ikawa 4131, na wachunguzi wa baadaye wamesema kwamba namba ile ya kwanza ilipewa ndege nyingine ya mbali, iliyokuwa ikishuka kweli. Nahodha akauliza habari za 4474, akajibiwa sawasawa juu ya ndege siyo. Sijapata kusikia mfano wa kutisha zaidi wa tarakimu kupishana mahali.

Siku zile za kwanza ilisemwa huko Washington kwamba ndege ile ilikuwa nje ya njia yake, na kwamba ilikuwa ikishuka. Uchunguzi wa jeshi lao wenyewe, mwezi uliofuata, ulionyesha kuwa ilikuwa ndani ya njia yake nayo ikipanda. Mwaka 1990 nahodha yule akapewa nishani kwa utumishi wake. Mwaka 1996 Marekani ikakubali kulipa dola milioni 61.8 kwa jamaa za wafu, pasi na kukiri kosa. Basi hiyo ni diya bila ya ikirari. Mwenye kuilipa hivyo amelipa fedha, na kitu kingine amebaki nacho mkononi.

Nikamwambia rafiki yangu: umenisaidia. Waajemi walijua kwa miaka thelathini na zaidi uchungu wa kungoja mtu mkubwa aseme "nilikosea". Basi mwenye kuujua uchungu ule, ilipofika zamu yake, mbona alingoja siku tatu? Rafiki yangu alinyamaza, kisha akasema siku tatu ni chache kuliko miaka. Ni kweli. Sikuwa na jibu la kumshinda, wala sikutaka kumshinda.

Nitaje na hili kwa ufupi, maana ni la nchi ile ile na la tarakimu. Machi 1976 Shah wa Uajemi aliibadilisha tarehe ya nchi nzima. Watu walilala katika mwaka 1354 wa Hijra ya jua, na ulipoingia mwaka mpya hawakuandika 1355, wakaamriwa waandike 2535, hesabu ihesabiwayo tangu ufalme wa Koreshi. Miaka miwili na nusu baadaye, nchi ikiwaka moto, serikali yake yenyewe ikairudisha tarehe ya zamani. Hilo halikuwa kosa. Hesabu ilikuwa sahihi, na ndiyo maana nalitaja: tarakimu yaweza kuwa sahihi kabisa nayo ikawa imenyang'anywa kwa wenyewe.

Lakini tusikae barazani petu tukawapima Waajemi tu, kama kwamba bahari yetu haina wafu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikitoka Unguja kwenda Pemba. Wako wasomaji wa karatasi hizi waliozika jamaa zao siku zile, na wako ambao hawakupata cha kuzika. Chombo kile kiliruhusiwa kuchukua abiria wasiofika 700. Habari za mwanzo zilisema kilikuwa na watu mia sita au mia nane. Tume iliyochunguza ikaja kusema walikuwa zaidi ya 2,400. Miili iliyopatikana ilikuwa 203. Waliokufa na kupotea, kwa hesabu ya tume, ni 1,573. Je, hii nayo tuiite kosa la hesabu? Hapakupishana tarakimu pale. Kila aliyekata tiketi ya ziada alijua anaikata, na kila aliyesimama gatini alikuwa na macho ya kuona. Hesabu haikukosewa, iliachwa. Na ninaona kuwa tukiliita jambo kama hili "ajali" na kulisukuma kwa neno "kadari", twaitumia kadari ya Mola kama pazia la dirisha.

Mwaka uliofuata likatokea jambo jingine, hili halikuua mtu, alhamdulillahi. Ulaya na Marekani walikuwa wameyawekea vikwazo mafuta ya Uajemi, na ikasemwa kwamba meli za mafuta za Uajemi zinatembea zikipeperusha bendera ya Tanzania, kwa kuandikishwa katika daftari la meli la Zanzibar. Mwanzo habari hiyo ilikanushwa. Mbunge mmoja wa Marekani, Howard Berman, akamwandikia Rais Kikwete. Mwezi Agosti 2012 ikakiriwa kwamba meli zilizoandikishwa hivyo ni 36, kwa mkono wa wakala aliyekaa Dubai, na kwamba zitafutwa katika daftari. Sisemi vikwazo vile vilikuwa vya haki. Wengi barazani wanaona ni dhulma kwa raia wa Uajemi, nami katika hilo ni pamoja nao. Nilichojifunza ni kingine. Kila meli kubwa ya bahari ina namba yake ya tarakimu saba, nayo haibadiliki: meli ikipewa jina jipya, namba ni ile ile, ikipewa bendera mpya, namba ni ile ile. Ndiyo iliyowafichua. Mara nyingi twasema tarakimu imetudanganya. Siku ile tarakimu ilikuwa imesema kweli muda wote, na hapana aliyeifungua daftari akaiuliza.

Sasa narudi katika siku zangu nne, maana nikizikwepa nitakuwa nimeandika haya yote ili nijifiche nyuma ya manowari na makombora. Kwa nini nilinyamaza? Nilijipa sababu, nazo zilikuwa nzuri. Nilisema: nikitangaza, watu watayatilia shaka majedwali yote. Nilisema: pana watu msikitini wasiopatana, watalifanya jambo hili fimbo ya kupigana. Nilisema: ni siku moja tu, na baada ya Idi nitatafuta njia ya upole. Neno lililonifaa zaidi lilikuwa "maslaha". Naapa, nilipokuja kusoma habari za siku tatu zile za Tehran, kwamba wakubwa waliogopa fitina, na kuwafurahisha maadui, na kuvunja mioyo ya askari, niliyatambua maneno yale moja moja, kama mtu atambuaye nguo zake katika kamba ya jirani. Ukubwa wa jambo ulikuwa mbali kabisa, kama mchanga na mlima, lakini lugha ni moja.

Na katika sababu zile zote, ile ya kweli haikuwamo. Ya kweli ni kwamba niliona haya.

Kwa hiyo jibu langu kwa wale walioniliwaza ni hili. Ile saa niliyoipanga 23 mahali pa 32, sikuwa na dhambi. Ile saa niliyosoma peke yangu kwa kuwa mwenzangu ana homa, nilikuwa na taksiri, na namuomba Mola anisamehe. Lakini saa nne ya usiku wa Jumapili, nilipotoa hesabu ikabaki tisa, kosa lile lilibadilika jina mkononi mwangu. Halikuongezeka hata dakika moja. Lilikuwa ni dakika zile zile tisa, ila tangu pale zilikuwa zangu kwa kuzichagua.

Ilipokwisha Idi nilimwendea Imamu tena, nikamwambia: "Sheikh, nilikwambia nilijua jana yake. Nilijua tangu Jumapili usiku." Mzee alikuwa akipunga kwa kipepeo, akaacha. Hakusema lolote juu ya uwongo wangu. Akahesabu kwa vidole kimya kimya, Jumapili, Jumatatu, kisha akasema, "Basi yule mgeni alikuwa angali barazani." Nikasema ndiyo. Akasema, "Wote wengine tuliwaambia. Yeye tutamwambiaje?"

Nimeuliza katika magari ya kusini. Nimeuliza kwa watu wa Kilwa na Lindi ninaowafahamu. Jina lake sikulijua, kwa kuwa sikumuuliza. Wanazuoni wameniambia kuwa yeye hana lawama, maana hajui, na asiyejua hakalifishwi asilolijua, nami nimewaamini. Imamu alinishauri niandike.

Basi wewe uliyefuturu katika msikiti mmoja wa Chang'ombe, siku ya Jumapili tarehe 24 Machi 2024, ukalala barazani ukiegemea mkoba wa kijani, ukaondoka baada ya Alfajiri kwa gari la kusini: adhana uliyoifuturia ilikuwa mbele ya jua kwa dakika tisa. Sala ya Magharibi ya siku ile irudie, na siku moja ya funga uikidhi. Na ukipita tena Chang'ombe, uliza kwa wapiga chapa, utaonyeshwa niketipo.